Feni ya maji dukani kwangu Tabora: mimi inanipoza, dawa haizipozi

Niseme mapema ili mwenye haraka asihangaike kufika chini. Kama unaitafuta kwa ajili yako wewe unayekaa dukani kutwa, nunua. Kama unaitafuta kwa ajili ya bidhaa, iwe dawa, chokoleti, maziwa au soda, hela yako ibaki mfukoni. Na muuzaji akikuambia inagandisha maji, mwombe agandishe ukiwa hapo hapo.

Nina duka la dawa muhimu hapa Tabora, upande wa Ng'ambo. Chumba kimoja, mabati juu, mlango unatazama jua la saa tisa. Kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mvua za Novemba hakikaliki. Ukutani nina kipimajoto, na si pambo: maboksi mengi ya dawa yameandikwa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mkaguzi akiingia anaangalia kipimajoto kwanza, halafu daftari ninaloandika asubuhi na mchana. Mwezi wa tisa na wa kumi, mchana kinasoma 33. Kiyoyozi sikiwezi, kukinunua wala kukilisha umeme. Ndiyo nikaenda mjini kuziangalia hizi feni za maji ambazo kila duka la vyombo vya umeme limezipanga barazani siku hizi.

Boksi lake limechorwa milima ya theluji na dubu mweupe. Mbele ya mashine kuna kioo kidogo chenye namba, na ukibonyeza rimoti namba inashuka: 24, 20, mpaka 16. Kijana muuzaji akaibonyeza mpaka 16 huku ananitazama.

"Mama, hii siyo feni. Hii ni mdogo wake kiyoyozi."

"Ina kompresa?"

"Haihitaji, mama. Upepo wake wenyewe ni wa barafu. Ukiweka chupa ya maji hapa mbele usiku, asubuhi unakuta imeganda."

"Washa basi, mwanangu, kwanza bila maji."

Nilikuwa nimekuja na kipimajoto changu cha kijiti kwenye pochi. (Si kile cha homa, hicho hakisomi chini ya 35, ni kile cha hewa.) Kabla ya upepo kilisoma 32. Nikakishika mbele ya mdomo wa feni, spidi ya mwisho, na kioo chake kinaandika 16. Tukasubiri. 32. Kijana akasema kitashuka tu, nisiwe na haraka. Hakikushuka. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ule upepo, shati linapepea, jasho la shingoni limekauka, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anasikia baridi.

Kijana alikuwa anasema kweli kuhusu shingo yake, na kipimajoto kilikuwa kinasema kweli kuhusu hewa. Mwili wa mtu unatengeneza joto saa zote. Ngozi inaipasha hewa inayoigusa, na pasipo upepo hewa ile ya moto inabaki imekung'ang'ania. Upepo unaiondoa na kuleta nyingine, tena unakausha jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwilini. Kipimajoto hakitengenezi joto wala hakitoki jasho. Kikishafikia joto la hewa, upigie upepo mpaka kesho, kitabaki hapo. Karatasi ya vidonge vya parasetamo ni hivyo hivyo. Ukiweka feni ya kawaida kwenye chumba cha nyuzi 33, wewe utasema afadhali, dawa zitabaki kwenye 33. Na mota ya feni nayo inatoa joto lake dogo.

Waendesha bodaboda wanalijua hili bila kipimajoto. Mwezi wa sita alfajiri utawaona wamevaa makoti mazito, zipu mpaka kidevuni, wakati mimi ninayetembea kwa miguu barabara hiyo hiyo nina kanga tu mabegani. Hewa ni moja. Wao wanaibeba kwa spidi.

Nina mdogo wangu yuko Winnipeg, Kanada, na kila msimu wao wa baridi ukifika anatutumia picha ya simu kwenye kundi la familia. Mara ya mwisho ilikuwa imeandikwa −10, na chini yake: inahisi kama −20. Mama yetu akauliza swali ambalo ningependa wauza feni wote wajiulize: "Sasa hapo ukiacha maji nje, yanakuwa ya ngapi?"

Yanafika −10 na kusimama. Kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa, hesabu yao kweli inatoa −20, lakini −20 hiyo ni ya uso wa mtu. Ina maana kwamba uso wako unapoteza joto kwa kasi ambayo ungepoteza siku ya −20 isiyo na upepo wa maana. Gari lake, bomba lake, chupa aliyoisahau kwenye siti, vyote vinaishia −10. Upepo unaviharakisha kufika huko, hauvishushi zaidi. Na siku hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri na upepo wa kilomita 40, simu itaandika "inahisi kama −5", na chupa ya maji iliyofungwa barazani haigandi kwa sababu ya hiyo −5. Maji hayasomi simu. Yanaganda kwenye sifuri, na hewa ya nyuzi 2 haiwezi kuyapeleka kwenye sifuri kwa kuyapuliza tu.

Hesabu yenyewe ya "inahisi kama" ilianza na chupa ya maji, na ndiyo maana nadhani watu wanachanganya. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakatundika nje kichupa cha plastiki chenye maji gramu 250 na kupima kinachukua muda gani kuganda upepo ukiwa huu au ule. Walichokuwa wanapima ni kasi. Kuganda kulikuwa hakuna mjadala, kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa chini kabisa ya sifuri. Baadaye ikaonekana kichupa cha plastiki si uso wa mtu, na mwaka 2001 Kanada na Marekani wakabadilisha hesabu baada ya kuwatembeza watu 12 wa kujitolea kwenye chumba cha upepo wa baridi huko Toronto, wamebandikwa vipimo usoni. Hesabu hiyo mpya inatumika hewa ikiwa nyuzi 10 kushuka chini tu. Kwa hiyo anayeuza feni Tabora mwezi wa kumi, mchana wa nyuzi 33, halafu anatumia maneno ya kule kwenye theluji, hata hesabu ya wenyewe haimruhusu.

Tukarudi kwenye mashine. Nikamwambia kijana aweke maji, maana hapo ndipo uhodari wake ulipo, na kwa bahati mbaya hapo ndipo yeye hakuwa na maneno. Nyuma ya feni kuna karatasi nene iliyotobolewa tobolewa. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka kwenye tangi la lita 10 na kuilowesha, na feni inavuta hewa kupitia mle. Mzee mmoja mteja wangu, anayeleta asali kutoka Sikonge, alipokuja kuiona dukani alizunguka nyuma, akachungulia, akauliza, "Dokta, humu ndani mmeweka masega?" Ndivyo yalivyo hasa, na tangu siku hiyo dukani kwangu yanaitwa masega.

Hewa kavu ikipita kwenye masega mabichi, maji yanakauka, na maji yakikauka yanachukua joto kutoka kwenye hewa yenyewe. Hapa sasa kipimajoto kinakubali. Mchana wa nyuzi 33 chumbani, mdomoni mwa feni kilisoma 25. Hatua mbili mbele, pale ninapokaa mimi, 28. Kile cha ukutani kwenye shelfu za dawa kilitoka 33 kikafika 31, na hapo kikagoma. Mtungi wa bibi ulikuwa unafanya kazi hiyo hiyo kwenye kona ya nyumba, bila Luku: udongo unavuja kidogo, kijasho cha nje kinakauka, maji ya ndani yanapoa kuliko hewa ya chumba.

Sasa ni baridi kiasi gani unaweza kuitoa kwa njia hii? Usimuulize muuzaji, pima mwenyewe. Nilichukua bandeji ya pamba, nikailowesha, nikaizungushia kwenye kitako cha kile kipimajoto cha kijiti na kukiweka kwenye upepo. Kikaanza kushuka: 30, 27, 23, kikatulia kwenye 20. Hiyo 20 ndiyo sakafu. Siku ile, kwa ukavu ule wa hewa, hakuna feni ya maji ya bei yoyote ambayo ingetoa hewa chini ya 20, hata kioo chake kiandike 16 au kiandike 2. Ya kwangu ilitoa 25, ambayo kwa mashine ndogo si mbaya.

Chupa ya maji nayo niliijaribu, maana ahadi ya barafu ilikuwa imenikaa kichwani. Chupa kavu mbele ya feni kutoka mchana mpaka nafunga: maji ya ndani 26. Nyingine nikaivalisha soksi mbichi: 22, na hayo kwa kweli yalinyweka vizuri. Barafu hata dalili. Ili maji yagande kwa kukaushwa na upepo peke yake, lazima hewa yenyewe iwe imekaribia sifuri na iwe kavu sana. Hapo nguo mbichi kwenye kamba inaweza kukakamaa hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi moja au mbili juu. Hapa Tabora hali hiyo haipo, si Julai wala mwezi mwingine wowote.

Mashine inakuja na vichupa viwili vya buluu vya kugandisha kwenye friji na kutumbukiza kwenye tangi. Kijana alivisifia kuliko kitu chochote. Ukweli wake ni huu: kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua kilojuli 334 za joto. Lita moja ya maji ikikauka inachukua karibu kilojuli 2,400. Yaani glasi ya maji iliyokauka kwenye masega imemaliza kazi ya kilo nzima ya barafu uliyoilipia umeme kuigandisha. Mashine yangu mchana wa kiangazi inamaliza lita moja na zaidi kidogo kwa saa. Vichupa nimewapa watoto waviweke kwenye kibegi cha juisi ya shule.

Jambo ambalo boksi haliligusi kabisa, na kwa mwenye duka la dawa ndilo kubwa: yale maji yaliyokauka hayakwenda mbinguni, yako chumbani. Kila hewa inayotoka mle ni baridi, na ni mbichi. Maboksi ya dawa yaliyoandikwa "chini ya nyuzi 30" mengi yameandika pia "mahali pakavu", kwenye mstari huo huo. Kulikuwa na kopo la rangi mbili (kapsuli) zilizokwisha muda, zinasubiri kuteketezwa. Nikaliacha wazi kwenye shelfu ambayo upepo unaifikia, na lingine la namna ile ile kwenye kabati la nyuma lisilopigwa na upepo. Baada ya muda zile za mbele zilikuwa laini, ukizibonyeza zinabonyea, na nyingine zimenatana mbili mbili. Za kabatini zilikuwa zinagongana kama kawaida. Hata bahasha za karatasi za kuwekea vidonge zililegea, kalamu ikawa inatota nikiandika "1 x 3".

Kwa hiyo feni yangu inaelekea kwangu na kwenye benchi la wateja, imepewa mgongo na dirisha, na mlango wa mbele uko wazi muda wote. Hilo la mlango nalisisitiza kwa sababu kijana alisema nifunge, kama watu wa kiyoyozi. Ukifunga, hewa ile ile mbichi inazunguka na kurudi kwenye masega. Haiwezi tena kukausha kitu, na jasho lako nalo halikauki. Nusu saa ya mlango kufungwa inatosha kukuonyesha: unabaki na mvumo, unyevu, na harufu ya kitambaa cha jikoni.

Dawa nilizitafutia njia nyingine, isiyo na dubu kwenye boksi. Nimefunga silingi bodi, nimeacha nafasi ya hewa kati yake na mabati, na usiku kifeni kidogo cha kutoa hewa kinavuta ile ya nje kuingia ndani, maana usiku wa Tabora hata kiangazi una nafuu. Shelfu nimezihamishia ukuta usiopigwa na jua la mchana. Sasa daftari linasoma 29 saa tisa. Hapo upepo umefanya kazi kwa sababu hewa uliyoileta ilikuwa baridi kweli, si kwa sababu unavuma.

Mteja mmoja mwenye kisukari, anakaa kijijini ambako umeme haujafika, aliniuliza kama insulini yake angeweza kuiweka mbele ya feni kama hii kwa kutumia sola. Nikamwambia upepo mkavu hautaisaidia chupa iliyofungwa, itabaki na joto la hewa. Kinachosaidia ni kukausha maji pembeni yake: chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kibichi, kivulini. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliisambaza njia hiyo kwa wauza mboga wa kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990. Mambo ya kipimo na muda wa dawa nikamwelekeza kliniki yake. Akaniuliza na la pili: je, akipata barafu mjini aiweke moja kwa moja juu ya kichupa? Asiweke. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Dada yangu aliyeolewa Ujiji, Kigoma, aliposikia, akataka nimtumie moja kwa treni. Nikamwambia kabla hujatoa hela, dada, lowesha kitambaa uzungushie kipimajoto, ukae nacho kwenye feni uliyonayo. Akanirudishia majibu jioni: kavu 29, mbichi 24. Kigoma ina ziwa hapo mlangoni, hewa tayari imeshiba maji, kwa hiyo sakafu yake iko juu na mashine ingempa kama 26 hivi, pamoja na unyevu asiouhitaji. Feni ya dari ya kawaida inamfaa zaidi, na ni rahisi mara tatu. Alinuna kidogo, kisha akaninunulia migebuka.

Hapa kwetu nako ina msimu wake. Mvua zikishakolea, mwezi wa kwanza, chumba kinasoma 27 na bandeji mbichi inasoma 23. Tofauti ni ndogo, maji kwenye tangi hayapungui, na masega yanaanza kunuka. Kuanzia Desemba mpaka Aprili naimwaga maji, nakausha, naitumia kama feni tu.

Matumizi mengine kwa ufupi. Umeme: imeandikwa wati 75, nikiiwasha tangu asubuhi mpaka jioni haimalizi hata uniti moja, kiyoyozi cha chumba kama changu ni wati 900 na kuendelea. Kelele: spidi ya tatu mteja inabidi arudie ugonjwa wake kwa sauti, jambo ambalo wengine hawalipendi, kwa hiyo mtu akiinama kaunta naipunguza. Maji ya bomba yanaacha ukoko mweupe kwenye masega, unaosuguliwa kwa maji ya limao kila wiki. Tangi lazima limwagwe, usilale nalo. Mbu wanalipenda, na itakuwa aibu duka la dawa kuzalisha mbu wake lenyewe.

Bei aliyoanza nayo ilikuwa laki mbili na themanini. Baada ya kile kipimajoto kusoma 32 mbele ya kioo kinachosoma 16, tukamalizana laki mbili na thelathini. Masega ya akiba hakuwa nayo, yanaagizwa Dar, na bei yake hakuitaja mpaka nilipomuuliza mara ya pili: elfu arobaini na tano. Liulize hilo kabla hujatoa hela.